Pacha wa Ndeshi Bodini

Sheria ilitaka nusu ya kila bodi ya kampuni iwe wanawake, na iliruhusu pacha wa kielektroniki ahesabiwe kama mtu. Ndeshi alikuwa mhasibu hodari wa Moshi. Pacha wake, mwenye sura na sauti yake, alikaa katika bodi nyingi kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe alibaki nyumbani kulea mtoto.

Siku moja mdogo wake Aikande, fundi wa kiwanda cha nguo, alikuja macho yamemvimba.

"Dada, mmefunga kiwanda chetu. Nimekuona kwenye runinga ukikubali."

"Si mimi, Aikande. Ni pacha."

"Najua. Wenzangu je, niwaambie nini?"

Kesho yake Ndeshi alimbeba mtoto mgongoni, akaenda makao makuu ya kampuni ya kiwanda kupinga uamuzi ule. Mlinzi alimzuia kwa adabu.

"Samahani, mama. Mkurugenzi Ndeshi yumo ndani tayari."

Nyuma ya ukuta wa kioo wa chumba cha mkutano alimwona pacha wake akizungumza taratibu, wanaume wa bodi wakimsikiliza kama ambavyo hawakuwahi kumsikiliza Ndeshi mwenyewe. Ndeshi aligonga kioo. Hakuna aliyegeuka.

Mtoto alichungulia begani kwake, akamnyooshea mikono yule wa ndani, akaita, "Mama."