Mashati ya Mzee Idarusi

Mboni aliweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba mumewe hajawahi hata siku moja kuiendesha mashine iliyomuua baba yake.

Inspekta alimtazama kwa macho ya mtu aliyezoea kudanganywa. Kwenye benchi, Sadalla alikuwa ameinamisha kichwa. Neno la mkewe ndilo lingemrudisha nyumbani Ngamiani au kumpeleka kitanzini.

Kisa chenyewe mji mzima ulikuwa unacho. Mwaka ule wa 1951 mkonge ulikuwa dhahabu, na kiwanda kikaongeza mashine ya pili ya kuchakata majani. Ile kuukuu aliiendesha Sadalla. Ile mpya alipewa mkwewe, mzee Idarusi, baba yake Mboni. Zilitoka kwa watengenezaji wawili, na kila moja ilikuwa na amri zake. Kwenye mashine kuukuu, ukivuta mpini chini, inazima. Kwenye mpya, ukivuta chini inaongeza kasi; kuizima ni kuusukuma mpini juu.

Sadalla alimwomba mkwewe amfundishe. Aliomba kwa adabu zote, tena mbele ya wanawake wanaoanika singa, zile nyuzi za mkonge.

"Nikufundishe weye ili Mzungu anione miye wa nini?" Idarusi akamjibu. "Baki na kopo lako hilo kuukuu."

Wanawake wakaangua kicheko. Idarusi, Mungu amrehemu, alikuwa na choyo cha kila kitu, na kwa ujuzi ndipo alipopita mpaka. Kumfundisha hakumfundisha, lakini kumlaumu hakuchoka: mara anakula sana, mara hamheshimu, mara siku za Ijumaa, kiwanda kizima kikienda msikitini, yeye haonekani safuni.

Jumatatu moja mashine mpya ikamdaka Idarusi mkono.

"Sadalla! Zima!"

Sadalla alikuja mbio, akaushika mpini, akauvuta chini kwa nguvu zake zote. Akauvuta, na mashine ikazidi kunguruma. Watu waliofika walimkuta bado ananing'inia kwenye mpini huku analia. Maiti haikuoshwa. Hapakuwa na cha kuosha.

"Baba hakutaka kumfundisha," Mboni alimwambia inspekta. "Mume wangu kafanya vile alivyozoea kwenye mashine yake. Aliyemuua baba yangu ni choyo chake mwenyewe."

"Na kama mumeo alijifunza kwa siri?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akilingojea. Mboni alifungua furushi, akatandaza mashati mezani. Mawili aliyatoa kwenye msumari nyuma ya mlango wa baba yake. Matatu yalikuwa ya Sadalla.

"Utomvu wa mkonge ukishakauka kwenye nguo, bwana, hata ufue na nini, hautoki. Mashine kuukuu inaurusha kulia. Mpya inaurusha kushoto. Haya ya baba, tazama, yote mkono wa kushoto. Haya ya mume wangu, yote wa kulia. Na mfuaji ni miye. Nguo za mume wangu nazijua kuliko anavyozijua mwenyewe."

Inspekta akamtuma askari kiwandani. Askari akasimama kwenye mashine zote mbili, akarudi na madoa ya kijani kwenye mikono yote miwili ya sare yake. "Ni kweli, afande," akasema.

Sadalla akaachiwa jioni ile ile. Walipoingia ndani alipiga magoti, akaukumbatia mguu wa mkewe.

"Umenizaa mara ya pili, Mboni."

Mboni akalia naye. Alimlilia baba yake, na aliona haya, kwa sababu moyoni alikuwa na hasira na marehemu kuliko majonzi.

Kabla mwezi haujaisha, Sadalla akapewa mashine mpya, na injinia akaletwa kumfundisha. Injinia aliwaambia watu kwamba hajapata kuona mtu anayeshika upesi namna ile. Mboni aliposikia, alitembea mtaani kichwa juu.

Hata na Mwatumu, jirani yake, alikuwa tayari kupatana. Walikuwa hawasemeshani tangu shati la kazi la Sadalla lilipopotea kambani, wiki chache kabla ya msiba. Sadalla ndiye aliyesema kwamba limeibwa, na Mboni akaenda mlangoni kwa Mwatumu kumtukana mbele ya watu. Hata hivyo Mwatumu alikuja msibani, akapika, akaosha masufuria, na hakutia neno.

Baada ya arobaini Mboni akamwita aje wazitoe nguo za marehemu ziwe sadaka.

"Chagua unayotaka umpelekee mumeo, shoga," alisema. "Na lile shati tuliache. Yamekwisha."

"Lipi, ambalo sikuliiba?"

Wakacheka kidogo. Mwatumu akainama kwenye sanduku la marehemu, akaanza kutoa moja moja: kanzu mbili, kikoi, koti lililoliwa na mende, kisha mashati ya kazi, yote yana madoa mkono wa kushoto. La mwisho kabisa, chini ya yote, lilikuwa limekunjwa likawa dogo kama leso. Akalikung'uta, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akapiga kigelegele.

"Mboni! Si hili hapa? Shati la mumeo! Kiraka hiki mfukoni si cha khanga yako nyekundu, umekishona mwenyewe? Miezi yote umeniita mwizi, kumbe limo sandukuni kwa baba yako! Haya, sema sasa!"

Mboni hakukitazama kiraka. Alikuwa akiutazama mkono wa kushoto, uliokakamaa kwa utomvu kutoka kifundoni mpaka begani.