Kifurushi cha Pili

Heaika aliinua boneti ya pikipiki yake ya theluji, akafungua kasha, akatukana kwa sauti. Asubuhi, baada ya kula kifurushi cha kwanza cha chakula, alikiacha cha pili humo ndani kikiwa cha moto. Sasa hakipo. Hiyo ilikuwa mara ya nne wiki ile.

Kasha lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake, baada ya miaka ishirini ya kutafuna nyama iliyoganda kama jiwe machungani. Alikata bati la chuma, akalichomelea, akalifunga kwa vibano juu ya bomba la moshi, pale injini inapotema joto lake lote. Mkewe, Ravdna, ndiye aliyemmulikia taa.

"Liongeze upana," Ravdna alisema. "Liingie vifurushi viwili."

"Mimi ni mtu mmoja, mama."

"Huko juu njaa haina adabu. Liongeze."

Akaliongeza. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Ravdna alimfungia viwili kwenye karatasi ya foili: nyama ya kulungu wa theluji, viazi, karoti. Kutoka nyumbani Kautokeino, kaskazini mwa Norwe, hadi kwenye uzio wa malisho ni kilomita thelathini, na kila alipofika, chakula kilikuwa kinafuka moshi. Alikula kimoja, akaiacha pikipiki pale ili isiwashtue majike wenye mimba, akavaa mbao za kutelezea na kwenda kukagua kundi lake la kulungu mlimani. Aliporudi, cha pili kilikuwa kimekwenda.

Nyayo zilieleza yote. Zilitoka kwenye kibanda cha Niillas, mchungaji jirani, ng'ambo ya uzio, zikaja moja kwa moja mpaka kwenye boneti, zikarudi zilikotoka. Hazikuzunguka, hazikusita.

Niillas! Tangu vuli, wawili hao hawakuwa wakipeana kitu isipokuwa matusi. Ndama watatu walionekana na masikio yaliyokatwa alama mpya ya mwenye mali. Kila mmoja akaapa ni wake, wakafikishana hadi polisi. Heaika alishindwa. Hakuwahi kukimeza kidonge hicho.

"Jambazi yule anakula chakula changu," alimwambia mkewe jioni.

Ravdna aliendelea kukoroga sufuria. "Una hakika ni yeye?"

"Nyayo zake nazijua kama ninavyojua sura yake mbaya."

"Labda ana njaa."

"Njaa? Ana kulungu mia nne!"

"Basi hana wa kumpikia."

"Asipike, afe! Kesho naweka kufuli."

Mwiko ulisimama. "Kufuli litaganda," Ravdna alisema. "Utashindwa kula hata wewe."

Hapo alisema kweli, na Heaika akaachana na kufuli. Alikuwa na njia nyingine.

Kesho yake alikula, akavaa mbao zake, akapanda mlima kama kawaida. Alipofika nyuma ya kilima aligeuka, akarudi kimyakimya kwa upande wa pili. Niillas alikuwa amesimama kando ya boneti iliyo wazi, anakula. Alikuja na kijiko chake kabisa.

"Mwizi we!"

Niillas hakukimbia. Alimaliza kutafuna. "Leo umewahi."

"Umenilia ndama wangu, sasa unanilia na chakula!"

"Ndama walikuwa wangu."

"Na hicho je? Na hicho ni chako?"

Niillas alikitazama kifurushi mkononi mwake. Wakati huo Piera, binamu yake Heaika, alikuwa anawasili na pikipiki yake. Alizima injini akabaki ameketi, anawatazama.

"Umekuja wakati mzuri, Piera!" Heaika alipiga kelele. "Hebu mwambie, Niillas. Mwambie ulivyokipata! Sema mbele ya shahidi!"

Niillas aliikunja foili taratibu, mara moja, mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mimi ni mwizi," alisema. "Nimeiba. Umeridhika?"

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ikamvunja pua, damu ikachora theluji. Niillas alimzidi Heaika kichwa kizima kwa urefu, na mikono yake ilikuwa minene kama magogo. Hakuinyanyua. Aliokota kofia yake, akarudi kibandani.

"Mbona hakukurudishia?" Piera aliuliza.

"Angenirudishia kwa uso gani? Anajua alichofanya."

Heaika alirudi nyumbani jua lingali juu, anapiga mluzi. Ravdna alikuwa jikoni, anamenya viazi.

"Leo nimemkomesha! Nimemvunja pua yule mbwa. Hatagusa tena chakula chako."

Kisu kilisimama. "Alisemaje?"

"Atasema nini? Amekiri mwenyewe, Piera anasikia."

"Nakuuliza alisemaje. Maneno yenyewe."

"'Mimi ni mwizi. Nimeiba.' Basi."

"Hakusema kingine?"

"Alikuwa na kingine gani cha kusema?"

Ravdna alikiweka kisu mezani. Kisha alinawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. Heaika aliketi mezani kungoja apakuliwe. Kwa miezi mingi hakuwa amejisikia vizuri namna ile.

Mkewe alipakua nyama, viazi, karoti, akavifunga kwenye foili. Kifurushi kimoja tu. Akavaa koti lake la manyoya, akachukua ufunguo wa pikipiki msumarini.

"We, unakwenda wapi na chakula changu?"

"Chako kiko kwenye sufuria," Ravdna alisema, mlango ukiwa tayari wazi. "Na kwa kuwa wewe huwezi tena kumpelekea chake, nampelekea mwenyewe."