Bikoni Iko Hapo Ndani

Panga lilimponyoka Mzee Amos kwa mara ya nne asubuhi hiyo, likaruka, likatua katikati ya upupu. Alisimama akiliangalia kama mtu anayeona mbwa wake akimfuata mgeni.

"Kaa huko basi," akaliambia. Kisha akaingia kulitoa, maana hakuwa na lingine, na upupu ukamsalimia mpaka kwapani.

Kichaka chenyewe kilikuwa Kiplombe, kati ya shamba lake na la jirani yake Jackson. Mbuzi mdogo akiingia mle Jumapili, alitoka akiwa babu. Miwati, lantana, miiba ya kila ukoo. Ukikata shina moja, mawili yanakuja kuuliza nani amekufa.

Ilikuwa siku ya tano na kiuno chake kilikuwa kimejiuzulu. Lakini kilichomkasirisha si kiuno. Ilikuwa ile sauti. Upande wa pili, ndani kabisa, panga lingine lilikuwa linalia: cha, cha, cha.

"Jackson!" akafoka. "Hiyo panga ni ya kukata ama ya kupiga makofi?"

"Nimekupita, mzee!" kichaka kikamjibu. "Wewe rudi Cheptiret ukauze sukari!"

Amos alikuwa amefunga duka la Cheptiret mwaka uliopita ili awe mkulima, na mtu akimtajia sukari, anaona ametukaniwa mama yake. Jackson naye alikuwa dereva wa lori, akastaafu mwaka huo huo. Wote wawili walinunua mashamba yao kwa kuonyeshwa kidole tu: "Mpaka ni huko mbele." Mbele wapi, hakuna aliyeuliza. Sasa kila mmoja alisema kichaka ni chake. Na Amos alikuwa ameshamtangazia mkewe Cate, mbele ya watu wa kanisa, kwamba mahindi ya mwaka huu yatapandwa pale. Mvua ilikuwa imebakisha wiki mbili. Cate hakuwa amesahau.

Ndipo, kabla ya kuanza kufyeka, wakapelekana kwa mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa wa huko ni mama, Mama Chelimo, mjane mpole asiyepaza sauti hata akiita kuku.

"Mimi sitaki maneno," aliwaambia. "Bikoni, jiwe la mpaka, iko hapo ndani. Fyekeni. Ikionekana, itasema yenyewe."

Haki tupu. Lakini kabla jua halijatua, alipita kwa Amos akakaa, akashusha sauti.

"Baba Collins, mimi sikuambii kitu. Lakini mwenzako ameshaanza. Na unajua jiwe la mpaka. Likionekana na mtu mmoja peke yake, linaota miguu."

Amos hakumaliza chai yake.

Tangu hapo mama yule alikuja kila siku na thermos, akitokea upande wa Jackson. Alimmiminia Amos kikombe, kisha akatembea juu ya sehemu iliyofyekwa akidungadunga kwa fimbo.

"Hiki kisiki umekiacha?"

"Mama, kisiki si bikoni."

"Bikoni inapenda kulala chini ya kisiki. Ng'oa."

Aling'oa. Kilimchukua saa tatu, na chini yake hakukuwa na kitu ila mnyoo mmoja aliyekasirika.

"Na hayo mawe?"

"Ni mawe tu."

"Yatoe kando, usije ukayachanganya na lile lenyewe."

Aliyatoa. Mikono ilimjaa malengelenge hata kijiko kikamshinda. Cate alimpaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, akapumua.

"Si tungenunua tu unga, Baba Collins?"

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini kijiko nimekishika mimi."

Ijumaa saa nane mchana, lantana ya mwisho ilianguka, na nyuma yake alikuwa Jackson, shati limebaki kola na vifungo viwili. Walitazamana wakihema. Kisha wakatazama chini. Wakatazama kila mahali. Bikoni hakuna.

"Umeificha!" Amos alisema.

"Nimeificha wapi, kwa soksi?"

"Toa soksi!"

"Nitoe soksi mbele yako kama nani?"

Mapanga yalikuwa bado mikononi, na sijui ingeishia wapi kama Mama Chelimo hangetokea, akitembea polepole, leso begani. Alipita katikati yao kama mtu anayepita sebuleni kwake. Aliangalia shamba kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Hakuna kisiki. Hakuna jiwe. Udongo mwekundu ulikuwa umelala wazi, laini, unangoja.

"Mama, bikoni iko wapi?" wakauliza pamoja. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

"Yako, Baba Collins, iko pale nyuma yako, chini ya ua lako." Akageuka. "Na yako, Jackson, iko kule kwa nyumba ya kuku."

Wazee wawili waligeuka, mmoja huku na mmoja kule. Kisha polepole wakarudisha macho kwenye ardhi yote iliyokuwa katikati.

Mama Chelimo alikuwa ameshatoa simu.

"Purity, ambia mtu wa trekta akuje. Ile shamba ya marehemu babako imeisha kufyekwa."