Kobe wa Ghorofa ya Juu

Saa tisa mchana, katikati ya Ramadhani, ngazi nzima ilinuka mishkaki.

Wala haikuwa harufu ya kubahatisha. Ilikuwa ya nyama iliyolala kwenye ukwaju na pilipili, ikageuzwa vizuri juu ya makaa. Mwaka ule wa tisini na saba mfungo uliangukia Januari, jua la Kibokoni lapasua vichwa, na mtu mwenye koo kavu akikutana na harufu kama ile lazima amlaani mtu.

Mwalimu Muhdhar, msomeshaji wa kemia, ndiyo kwanza arudi kutoka shule, mkoba wa ngozi kwapani. Alikuwa akiwahi chumba chake, ambamo kila alasiri ya Ramadhani hujifungia kusahihisha madaftari na hataki kugongewa. Pale ngazini akakutana na Mzee Kingi, mpangaji wa chini, akitoka kwenda msikitini.

Mzee alisimama, akanusa. "Mwalimu, wasikia?"

"Naisikia," Muhdhar akajibu upesi. "Na yatoka juu."

Juu kabisa alikaa Chirau, kijana wa bandarini, na nyanya yake. Chirau ndiye aliyemposa Mejumaa, binti pekee wa Mwalimu, na mshenga alikuwa Mzee Kingi huyuhuyu. Jibu liliahidiwa baada ya Idi. Mwalimu hakumtaka kijana yule hata kumwona, ila kasoro hakuipata: aswali, ana kazi, hana maneno na mtu. Leo kasoro imejileta yenyewe.

"Twende tukamfume," akasema. "Harufu ni chembechembe, Mzee. Zagongana, zasukumana, zatoka penye msongamano zaenda penye nafasi. Ukifuata zilikozidi, wamfikia mwenyewe."

Wakapanda. Ghorofa ya kwanza Mejumaa alikuwa kashatoka mlangoni, kasikia yote. Harufu ilimpiga naye usoni.

"Chirau hali mchana, baba. Nakuapia."

"Pua haidanganyi."

"Haya, nipe mkoba nikuwekee, usipande nao."

"Wacha! Mna mitihani ya watoto wa watu humu." Akaukaza kwapani, akaendelea kupanda. Mejumaa akawafuata, maana baba yake akishasema neno mbele ya mtu halirudi tena.

Nyuma yao wakafuata paka wa mtaa, watatu, kisha watano. Mwalimu akampiga mmoja teke. "Waona, Mzee? Hata paka wajua juu kuna karamu."

Ghorofa ya pili Mzee Kingi alisita, akanusa huku na huku. "Mimi naona harufu ni ileile, Mwalimu. Chini vile, kwako vile, na hapa vile."

"Ndiyo kusema zishalingana! Zikishatawanyika sawasawa, hukuti penye zaidi wala penye pungufu. Hiyo ndiyo kemia."

"Sasa mwenyewe tutamjuaje?"

Mwalimu akakohoa. "Tutamjua."

Mlango wa juu aliugonga kwa ngumi. "Fungua, kobe wee! Wala mchana na binti za watu wawataka?"

Chirau alifungua akiwa na kikoi tu, macho mekundu, midomo imekauka. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. "Mwalimu? Kuna nini?"

"Shahidi ni wewe, Mzee Kingi," Muhdhar akatangaza, nyumba nzima isikie. "Nyama hiyo yanuka mpaka barabarani. Binti yangu simpi mtu asiyefunga. Posa imekufa!"

Mejumaa akaketi ngazini, akalia waziwazi. Mzee Kingi, aliyeibeba posa ile kwa heshima zote, aliona aibu akatamani ardhi immeze. Akashuka vidato vichache kumbembeleza binti, na hapo tena akanusa.

"Ajabu," akanong'ona. "Huku haipo tena."

Ndani, kwenye mkeka, Bi Swabaha, nyanya yake Chirau, alijigeuza akapiga chafya. "Nani katuletea nyama saa hizi? Nilikuwa nimejilalia zangu kwa raha, mlango umefunguliwa tu, puh!"

"Zasambaa, mama," Mwalimu akasema. "Zimepanda kwa ngazi."

Mlango wa Chirau ulikuwa wazi, na paka hata mmoja hakuingia. Wote watano walikuwa wamemzunguka Mwalimu, wamesimama kwa miguu ya nyuma, wakiparura ngozi ya mkoba.

"Baba," Mejumaa akasema, akijifuta machozi kwa upindo wa leso, "lete huo mkoba."