Saa Kumi na Mbili na Dakika Nne

"Mama kaamka. Birika limewashwa saa 12:04."

Ujumbe wa jana ulisema hivyohivyo. Wa juzi pia. Fundi wa programu akazipekua jumbe za nyuma kwenye simu, nyuma zaidi. Siku kumi na tisa, dakika ileile.

Binadamu gani huyo, tena mjane wa miaka sabini na nne, asiyepitwa hata na dakika moja?

Programu aliiandika mwenyewe. Alichomeka kidude kwenye soketi ya birika la mama, na kila asubuhi programu inasoma saa birika lilipowashwa, inaiweka kwenye kigeu, yaani kijisanduku chenye jina, kisha inamtumia kilichomo. Zamani alikuwa akimpigia simu kila alfajiri, akiwa kituoni anangoja basi la wafanyakazi. Lakini kazi zimebana, jamani, na mama akishika simu haachii. Kidude hakina maneno mengi.

Akaifungua programu. Kijisanduku alikiita MAMA. Akashuka mstari kwa mstari, na alipofika wa tisa, akasimama. Hakuna mahali alipokisafisha. Birika lisipowashwa, MAMA inabaki na saa ya zamani, na programu inaituma bila haya kana kwamba ni ya leo.

Kosa hilihili ndilo analowagombezea wanagenzi wake mpaka wanamkimbia. Kweli, mganga hajigangi.

"Huenda aliliwasha siku ya kwanza tu," akasema kwa sauti.

"Nani? Kuwasha nini?" mwenzake wa meza ya pili akauliza.

"Mama yangu..."

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kimya. Akatoka mbio na kuacha kompyuta wazi, na ndani ya teksi alimsihi dereva mpaka dereva naye akaanza kumwomba Mungu. Siku kumi na tisa! Atawaambia nini dada zake? Kwamba aliliachia birika limtunzie mama?

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Akazunguka nyuma, akaingia jikoni. Kando ya birika palikuwa na kiti chenye mto uliobonyea. Simu ya mama ilikuwa mezani, kwenye chaji.

"Nani huyo?"

Mama akatokea uani, kijembe mkononi, magoti yamejaa udongo, buheri wa afya. Fundi akakaa sakafuni, akalia kama mtoto.

"Mwanangu! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna, Mama. Nimekupigia hukupokea."

"Umepiga?" Akaidaka simu, akaisogeza mbali na macho, uso ukamsawijika. "Mara mbili! Na mimi niko nje napalilia maua. Lo, nisamehe, baba."

"Mama, birika. Leo umeliwasha?"

"Nimeliwasha. Si kila siku naliwasha?"

"Saa kumi na mbili na dakika nne? Kila siku?"

"Kwani basi lenu si linaondoka dakika hiyo?" Mama akaketi kwenye kile kiti, simu mapajani. "Nakaa hapa naingoja simu yako tangu kumi na mbili kamili. Ikifika dakika ya nne, najua leo tena hupigi. Ndipo naweka chai."