Upande wa Kuombwa

"Tena," alisema Haika.

"Ẹ káàsán," alijibu Elieshi, huku akikunja vitambaa vya mezani. Hiyo ni ya mchana. Asubuhi ina yake, jioni ina yake, aliyekaa ana yake na anayefanya kazi ana yake. Kwa salamu, Wayoruba wa Nigeria wamewashinda hata Waswahili.

"Na ya msiba?" aliuliza.

Haika akafunua sufuria ya pilau, akaifunika tena. "Hiyo ya nini leo, Mama?"

Wiki tatu walifanya hivyo katika fleti yao ya Lewisham, London, kila Haika alipotoka zamu hospitalini. Elieshi alijifunza kama mtu anayemeza dawa. Tangu msiba wa Elinaja, miaka miwili sasa, hakuna kilichomwingia. Chakula hakikuwa na ladha, nyimbo za kanisani zilimpita tu. Hata posa hii ya Haika aliitazama kwa mbali, kama ya majirani. Alibakiwa na hofu moja: wageni wasije wakamdharau Haika, wakasema ni msichana asiye na kwao.

"Posa naijua," alisema. "Ila nilikaa upande wa kuomba. Huu wa kuombwa ndio unaonitoa jasho."

"Utaweza, Mama. Relax."

Haika akanyoosha mkono kuishusha picha ya Elinaja ukutani.

"Iache," alisema Elieshi. "Naye ni mwenyeji."

Kengele ikalia. Waliingia watu saba, wote sare ya bluu, vilemba vya akina mama vikigusa mlango. Olumide, mchumba mwenyewe, akalala kifudifudi juu ya zulia mbele ya Elieshi, kama desturi yao inavyotaka kwa wazazi wa msichana. Elieshi akasema "Ẹ káàsán", kisha "Ẹ káàbọ̀", karibuni, bila kukosea hata kidogo, kwa sauti kavu kama ya tangazo la treni. Wageni wakapiga makofi. Haika akashusha pumzi.

Mama yake Olumide akaketi karibu na Elieshi, akamshika mkono. Alisema naye Kiingereza, polepole.

"Umelea vizuri, dada yangu. Binti ana adabu kama ya kwetu." Kisha akainua macho ukutani. "Na huyu kijana mzuri? Kaka yake bibi harusi?"

Olumide akamtazama Haika. Haika akatazama zulia. Kitu kikamwingia Elieshi, cha kwanza baada ya miaka miwili, na kilimuuma.

"Ni mwanangu wa pekee," alisema. "Haika nilimposa mimi mwenyewe, kwa ajili yake."