Mkia wa Tone

“Shoga, damu ya mwanao utaiacha sakafuni mpaka lini?” jirani alimwuliza mjane baada ya mazishi.

Angeishikia tambara vipi, nayo ndiyo masalio ya kitindamimba wake? Kila alfajiri alisali kando yake.

Leo mpelelezi amepiga magoti papo hapo.

“Nduguye anasema alichomwa kisu huko nje, akaingia akivuja damu.”

“Ndivyo ilivyokuwa,” akasema kaka mtu.

“Tone la mtu anayetembea huvuta mkia, mama, na mkia huelekea anakokwenda.”

Mjane akainama. Mikia yote, myembamba kama ya viluwiluwi, ilielekea mlangoni. Mwanawe alikuwa akitoka. Kisu kilimpata humu ndani.

“Baba, niambie si wewe,” akamsihi huyu mwanawe aliyebaki.

Kijana akayaruka matone, kama alivyoyaruka siku zote, akatoka.